Mawaziri Wanapoulizwa Bungeni Kuhusu Mabasi, Reli na Malikale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila asubuhi Bunge linapokaa Dodoma, kuna saa moja na nusu hivi ambayo mawaziri hawana pa kujificha, au angalau ndivyo ilivyokusudiwa. Usafiri haukosi kutajwa, maana hakuna jimbo lisilo na barabara mbovu, kivuko kibovu au stendi isiyokwisha kujengwa. Malikale, yaani majengo, maeneo na vitu vya kale, hutajwa mara chache, ila zikitajwa ukumbi huchangamka. Hapa yamejibiwa yale ambayo wasikilizaji wa Bunge huyauliza zaidi kuhusu mambo hayo mawili. Mengi yanahusu Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Zanzibar na Kenya zimewekewa majibu yao huko chini.

Waziri analazimika kujibu?

Ndiyo. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno ya kushika hapo ni hayo ya mwisho: "yaliyo katika wajibu wake". Sehemu kubwa ya vurugu unayoisikia kwenye majibu ya usafiri na malikale inaanzia hapo, kwa sababu mambo hayo mawili yamegawanywa kwa wizara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kipindi chenyewe kinakwendaje?

Kikao kinaanza saa tatu asubuhi kwa dua, kisha hati huwasilishwa mezani, kisha Katibu anaita maswali. Siku ya Alhamisi Waziri Mkuu naye hupewa nusu saa ya kuulizwa, na huko maswali yanatakiwa yawe ya sera. Ukimuuliza kalavati la kijijini kwako, Spika atakurudisha kwa waziri wa sekta.

Swali la msingi na swali la nyongeza yana tofauti gani?

Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi mapema, wizara inaliandalia jibu, na siku ikifika jibu linasomwa kama lilivyoandikwa. Mara nyingi halina jipya. Swali la nyongeza ndilo lenye utamu: mbunge aliyeuliza ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na wabunge wengine wanaosimama wanaweza kupewa moja moja. Waziri hana karatasi ya kusoma hapo; ana kumbukumbu yake na vikaratasi anavyoletewa na wataalamu wake. Mwenye muda mchache asikilize nyongeza, ya msingi atayasoma baadaye.

Mbona kila mara anajibu naibu waziri?

Ndiyo kazi yake kubwa bungeni. "Kwa niaba ya Waziri wa Uchukuzi, naomba kujibu swali..." ni sentensi ambayo naibu huitamka mpaka inamtoka usingizini. Waziri mwenyewe husimama kuongezea pale jambo linapokuwa zito, au naibu anapobanwa. Ukiona waziri kamili amenyanyuka baada ya swali la nyongeza, ongeza sauti ya redio.

Swali la usafiri linapelekwa wizara gani?

Inategemea unazungumzia nini, na hapa ndipo wengi wanapopotea, wabunge wapya wakiwamo.

Hadi Agosti 2023 kulikuwa na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ikagawanywa mara mbili. Uchukuzi ikabaki na reli, bandari, viwanja vya ndege, meli na usafirishaji wa barabarani kwa maana ya leseni na nauli. Humo ndimo zilimo TRC, shirika la reli, na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu. Ujenzi ikachukua barabara kuu na za mikoa kupitia wakala wake, TANROADS, pamoja na wakala mwingine, TEMESA, ambayo ndiyo yenye vivuko vya Serikali. Kwa hiyo mkazi wa Kigamboni anayesubiri pantoni Magogoni swali lake ni la Ujenzi, wakati abiria wa meli ya Ziwa Victoria swali lake ni la Uchukuzi, ingawa wote wawili wako juu ya maji.

Barabara za mitaani na vijijini ziko chini ya wakala uitwao TARURA, na TARURA iko TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Stendi na masoko ni za halmashauri, hivyo nazo ni TAMISEMI. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (mwendokasi) ya Dar es Salaam, DART, uliundwa 2007 ukawekwa TAMISEMI pia. Trafiki anayesimamisha basi lako ni wa Mambo ya Ndani.

Jumlisha: daladala moja likitoka Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, leseni yake ni ya wizara moja, lami inayokanyaga ni ya wizara ya pili, kituo linaposhusha ni cha ya tatu, na askari anayelipiga faini ni wa ya nne. Mbunge akiuliza kwa jumla jumla "Serikali ina mpango gani na kero ya usafiri Dar es Salaam?", atajibiwa na mmoja kati ya hao wanne, naye ataongelea kipande chake tu. Siwezi kusema naibu huyo amekwepa. Swali lenyewe ndilo lililomfungulia mlango wa nyuma.

Kwa nini njia ya mwendokasi ya Mbagala ilikaa bila mabasi muda wote ule?

Kwa sababu njia na mabasi havikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Awamu ya kwanza, ile ya Kimara hadi Kivukoni yenye matawi ya Morocco na Gerezani, ina urefu wa kilomita 21 hivi na ilianza kubeba abiria Mei 2016. Awamu ya pili ilifuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, kilomita 20 na ushei, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. TANROADS walijenga. Zege likakauka, vituo vikapakwa rangi, na DART wakawa bado wanatafuta mwekezaji wa kuleta mabasi. Watu wa Mbagala walikaa kwenye foleni ya daladala wakiitazama njia tupu pembeni yao, hadi mabasi yalipoanza kuonekana 2025.

Ukisoma majibu ya kipindi hicho utaona kila wizara ilikuwa inasema kweli. Ujenzi walisema mradi umekamilika kwa asilimia kubwa, na ulikuwa umekamilika. TAMISEMI walisema taratibu za kumpata mtoa huduma zinaendelea, na zilikuwa zinaendelea. Abiria hakuwa na hamu na kweli hizo mbili. Alikuwa na hamu na basi. Wabunge waliopata jibu lenye maana ni wale waliouliza tarehe: mabasi yatafika bandarini lini, na mangapi.

Na Jangwani je? Kila masika ni habari ile ile.

Jangwani, kwenye njia ya mwendokasi jijini Dar es Salaam, iko ndani ya Bonde la Msimbazi, na karakana ya mabasi ikajengwa humo humo. Mto ukifurika, barabara hufungwa na mabasi hukatishwa safari pande zote mbili. Dawa iliyochaguliwa ni daraja la kuivusha barabara juu ya bonde, chini ya mradi wa Bonde la Msimbazi unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Jibu lolote la "tutasafisha mto" bila kulitaja daraja ni la kupitisha msimu.

Waziri anaweza kupandisha au kushusha nauli?

Hapana, nauli ni kazi ya LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kuchukua nafasi ya mdhibiti wa zamani, SUMATRA, kwa upande wa nchi kavu. Wasafirishaji hupeleka maombi, wadau huitwa kutoa maoni, kisha LATRA hutangaza. Mwezi Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600, na mwanafunzi akabaki na 200 yake. Treni ya reli ya kisasa, SGR, nayo hupangiwa huko huko: Dar es Salaam hadi Dodoma daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000, na Morogoro 13,000.

Mbunge akimwambia waziri "punguza nauli", waziri atajibu kwamba kuna mamlaka huru. Ni sahihi kisheria. Ila waziri huyo huyo ana sauti kwenye sera, na Serikali ndiyo yenye neno kwenye kodi ya mafuta, vipuri na mabasi yanayoingia nchini, ambavyo ndivyo wasafirishaji huvitaja kila wanapoomba nyongeza. Swali likiwekwa upande huo, mamlaka huru haiwi ngao tena.

Daladala likikatisha ruti nimpigie mbunge?

Utamchosha bure. Hilo ni kosa la masharti ya leseni: andika namba ya gari, saa na mahali liliposhushia abiria, upeleke LATRA. Kuna pia LATRA CCC, baraza la ushauri la watumiaji wa huduma, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa abiria.

Malikale ziko chini ya nani?

Mwenye swali hili akae chini.

Kwa Tanzania Bara, mlezi mkuu ni Wizara ya Maliasili na Utalii. Humo kuna Idara ya Mambo ya Kale, inayosimamia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuna shirika la Makumbusho ya Taifa, lenye nyumba yake ya zamani Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho, Makumbusho ya Maji Maji kule Songea, ya Mwalimu Nyerere Butiama na ya Azimio la Arusha. Mpaka hapo ni rahisi. Lakini wizara iliyagawa baadhi ya maeneo ya kale kwa taasisi zake za uhifadhi, kwa hoja kwamba zina mapato na magari. Ndiyo maana magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikabidhiwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na Kimondo cha Mbozi kikapewa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyo mamia ya kilomita kutoka Songwe.

Utamaduni wenyewe, yaani ngoma, lugha, sanaa, uko wizara nyingine kabisa, ile ya utamaduni, sanaa na michezo. Na wizara hiyo ndiyo yenye Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Afrika, inayoshughulikia maeneo kama Kongwa, walikopiga kambi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Mazimbu pale Morogoro, palipokuwa na shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, hivyo Wizara ya Elimu nayo ina funguo zake.

Mimi sina ugomvi na TAWA kulinda msikiti wa kale. Fedha za uhifadhi zimefanya kazi Kilwa. Ugomvi wangu ni kwamba jengo la matumbawe linahitaji fundi chokaa na mtaalamu wa akiolojia, na mbunge anapouliza wako wangapi, jibu hurudi na idadi ya watalii.

Stesheni na nyumba za Kijerumani zinalindwa na sheria?

Si zenyewe kwa zenyewe. Sheria ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lolote lililojengwa kabla ya 1863. Lililojengwa baadaye linalindwa pale waziri anapolitangaza rasmi.

Sasa tazama reli. Ya kwanza nchini ilianza kujengwa Tanga 1893. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905 ikafika Kigoma 1914. Hakuna hata msumari mmoja wa reli hapa kwetu uliogongwa kabla ya 1863. Stesheni ya Kigoma, yenye matao yake yanayotazama ziwa, na nyumba zote za Kijerumani za mjini Dar es Salaam haziwezi kulindwa kwa umri wao, zinahitaji tangazo. Bila tangazo, mwenye kiwanja akipata kibali cha halmashauri, tingatinga linaingia.

Hili ndilo eneo ambalo swali la bungeni lina nguvu kuliko kwingine kote, kwa sababu waziri anaweza kulitekeleza bila kusubiri bajeti ya barabara wala mkopo. Tangazo ni karatasi. Mbunge anayetaka jengo la jimboni kwake libaki aulize hivi: je, jengo hili limetangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na kama bado, waziri yuko tayari kulitangaza lini? Hapo hakuna pa kutaja upembuzi yakinifu.

MV Liemba ni usafiri au ni malikale?

Ni vyote viwili, na hiyo ndiyo shida yake.

Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Ikashushwa Ziwa Tanganyika 1915 ikiwa na jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, baada ya kuipaka mashine zake grisi. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Kuanzia hapo ilibeba watu na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikisimama kwenye vijiji ambavyo havina gati: mitumbwi inaisogelea, magunia ya dagaa yanapandishwa kwa kamba, mama anamrusha mtoto kwa baharia kisha anaruka mwenyewe.

Mbunge wa mwambao wa Tanganyika akiuliza habari za Liemba anaomba chombo cha kusafiria; watu wake hawana barabara ya kuaminika. Wizara inayojibu ni Uchukuzi, kupitia kampuni ya meli ya Serikali, na jibu huwa ni ukarabati: injini, vyumba, uwezo wa kubeba abiria. Hakuna anayelazimika kueleza kipi cha 1913 kitabaki baada ya ukarabati huo. Mtu wa Mambo ya Kale hayumo kwenye swali, kwa hiyo hayumo kwenye jibu. Ukitaka yote mawili yajibiwe, swali lazima liwe na vipengele (a) na (b), na (b) itaje wazi Sheria ya Mambo ya Kale.

Kuigeuza makumbusho wakati watu wa Kigoma, Katavi na Rukwa hawajapata meli nyingine ya maana ni kuwapora usafiri ili watalii wapige picha. Kwanza chombo kingine, ndipo Liemba ipumzike.

Kwa nini mjusi wa Tendaguru harudishwi?

Swali hili halizeeki. Mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin, na mjusi mkubwa kuliko wote aliunganishwa akasimamishwa huko, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wabunge wa Lindi wameuliza awamu baada ya awamu, na jibu la Serikali limekuwa kwamba kumsafirisha na kumtunza ni gharama na utaalamu mkubwa, hivyo ni heri ushirikiano na makumbusho ya Berlin: mafunzo, utafiti, na manufaa kwa wananchi wa eneo la machimbo.

Jibu hilo linaweza kutetewa. Lisilotetewa kwa urahisi ni kipengele cha mwisho. Tangu lilipoanza kutolewa, mbunge ana haki ya kuuliza kila mwaka manufaa hayo yamefika Tendaguru kwa sura gani: barabara, kituo cha taarifa, ajira? Huko usafiri na urithi vinarudi kuwa swali moja, maana hata anayetaka kuliona shimo mjusi alimotoka anahitaji gari la juu na kiangazi.

Na mafuvu ya mashujaa yaliyochukuliwa wakati wa Maji Maji?

Hilo ni la Maliasili na Utalii pamoja na Mambo ya Nje. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni. Tangu hapo maswali yana pa kushika: ahadi ilitolewa hadharani, mbele ya familia.

Jibu la naibu waziri linasomwaje?

Chukua mfano huu. Nimeutunga, lakini mzoefu wa Bunge ataitambua sauti yake. Mbunge anauliza: "Je, ni lini Serikali itakarabati magofu ya kihistoria yaliyopo jimboni kwangu na kujenga kwa lami barabara ya kwenda huko?" Jibu:

"Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua umuhimu wa magofu hayo katika kukuza utalii na uchumi wa wananchi. Katika mwaka huu wa fedha, Serikali imetenga fedha kwa ajili ya upembuzi yakinifu na usanifu wa kina wa barabara hiyo. Kazi hiyo itakapokamilika, Serikali itatafuta fedha kwa ajili ya kuanza ujenzi. Naomba Mheshimiwa Mbunge na wananchi wake waendelee kuwa na subira."

"Inatambua umuhimu" maana yake hakuna kilichofanyika. "Imetenga" si "imetoa". Fedha hutengwa Juni na zinaweza zisitoke mpaka Juni nyingine. Upembuzi yakinifu ukifuatwa na usanifu wa kina maana yake hakuna mkandarasi, na "itatafuta fedha" maana yake hazipo. Hayo mbunge mzoefu anayajua. Kinachompita ni kingine: magofu yametajwa kwenye sentensi ya kwanza yakaishia hapo. Aliyejibu ni naibu wa Ujenzi, hana la kusema kuhusu magofu, na kwa kuwa swali lilibeba wizara mbili, nusu yake imezikwa kwa heshima zote.

Nyongeza nzuri hapo ni fupi: zimetengwa shilingi ngapi, hadi leo zimetoka ngapi, na nusu ya swali langu kuhusu ukarabati ataijibu nani? Asiyejibiwa anaweza kuomba mwongozo wa Kiti, na Spika ana uwezo wa kuagiza swali lijibiwe upya.

Maeneo ya urithi wa dunia yana usafiri wa kufika?

Hayalingani. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoandikishwa UNESCO 2006, imepata bahati: barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi 2018 na inapita Kolo. Hilo ni jibu la Ujenzi lililofanyia kazi Maliasili bila mtu kulipanga hivyo. Ila kutoka lami kwenda kwenye miamba yenyewe ni habari nyingine.

Kilwa iliandikishwa 1981, ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, ikatolewa 2014 baada ya kazi ya kuimarisha kuta. Kufika Kilwa Masoko kunategemea barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi, na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara hiyo ilikatika Somanga, safari za kusini kwa njia hiyo zikakwama. Mgeni aliyekuwa anakwenda kuona Husuni Kubwa, gofu la kasri la Kilwa Kisiwani, alilala garini pamoja na wenye malori ya korosho.

Mbona swali la Beit al-Ajaib haliulizwi Dodoma?

Kwa sababu malikale si jambo la Muungano. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, Unguja, ilipoanguka Desemba 25, 2020, wa kuulizwa alikuwa waziri wa Serikali ya Mapinduzi, mbele ya Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Mji Mkongwe, ulioandikishwa UNESCO mwaka 2000, una mamlaka yake ya uhifadhi na uendelezaji, na gari za abiria za Unguja na Pemba ni za huko huko pia. Mbunge wa Zanzibar akiuliza haya Dodoma ataelekezwa kistaarabu.

Kenya wanafanyaje?

Kwa Katiba ya 2010 waziri wa Kenya hawezi kuwa mbunge, hivyo kwa miaka mingi aliulizwa kwenye kamati tu. Tangu 2023 mawaziri wamekuwa wakiitwa kujibu mbele ya Bunge zima. Kuna tofauti nyingine: makumbusho yamegawanywa kati ya serikali kuu na kaunti, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya hubeba maeneo yenye hadhi ya kitaifa. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ni ya serikali kuu. Stendi ya matatu ni ya gavana. Mkenya naye ana mlango wake wa nyuma wa kuchunga.

Mimi mwananchi nitaulizaje?

Huwezi kusimama bungeni, lakini unaweza kumwandikia mbunge wako swali lililokamilika, si malalamiko. Taja chombo kinachohusika (TARURA au TANROADS, TAWA au Makumbusho), taja mahali, omba tarehe au kiasi. Mbunge wa viti maalumu naye anaweza kuliuliza kama wako hashikiki. Kama unachotaka ni waraka, mfano mkataba wa mtoa huduma ya mabasi au orodha ya majengo yaliyotangazwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kukujibu. Na Aprili, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapowekwa mezani, pitia kurasa za mashirika ya uchukuzi. Wabunge wengi huchota maswali yao humo.

Majibu ya zamani yanapatikana wapi?

Kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, zilizowekwa kwenye tovuti ya Bunge kwa mkutano na kikao. Tafuta kwa jina la jimbo badala ya jina la waziri, kwa kuwa mawaziri hubadilishwa na jimbo hubaki. Weka majibu ya swali lile lile ya miaka tofauti sambamba, uone neno gani limebadilika kati ya "itatafuta", "imetenga" na "imesaini mkataba".